Kidari cha Baba Mkubwa

Wiki iliyopita mashine ya barafu ya friji yangu iligoma. Sikumwita fundi. Nilianza kama wanavyoanza watu wote: nikaangalia kama umeme upo, nikaangalia kama koki ya maji nyuma ya friji imefunguliwa, nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Kisha nikaingiza mkono ndani ya friza na kupapasa. Pembeni mwa ile mashine kuna kijiti cha waya kinachoning'inia juu ya beseni la barafu. Barafu ikijaa, inakinyanyua. Kikishanyanyuka, mashine inajua kazi imekwisha, inapumzika. Kwangu kilikuwa kimenyanyuliwa na mfuko wa njegere nilioutupia humo mwenyewe. Nikautoa mfuko, kijiti kikashuka, na baada ya muda nikasikia maji yakiingia.

Kazi yenyewe haikufika hata muda wa kuchemsha chai. Mtu mwingine angefurahi, angejisifu kwa mumewe. Mimi nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, njegere zimenigandisha vidole, nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe ni hicho tu! Kijiti cha waya! Nilikuwa nimemkumbuka Dada Elifuraha.

Tulikuwa tunakaa Njiro, nyumba yenye ukuta na geti jeusi. Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mama mwalimu. Wote wawili ni watoto wa wakulima, wamekulia kwenye migomba na kahawa huko juu mlimani, na wote wawili walitaka ijulikane kwamba wameshuka na wamefika. Friji tuliinunua kwa mzungu mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa amemaliza mkataba na anauza vitu. Ilikuwa kubwa kuliko kabati la nguo la mama. Haikuwekwa jikoni. Iliwekwa sebuleni, kutazamana na mlango, ili mgeni akiingia aione kwanza yenyewe ndiyo aone watu. Mama akaitandikia juu kitambaa alichofuma kwa mkono wake. Fundi bomba alitoboa ukuta, akapitisha mpira mwembamba mweupe kutoka jikoni hadi nyuma yake, kwa sababu friji hii, kama baba alivyopenda kuwaeleza wageni, "inatengeneza barafu yenyewe, wewe huigusi."

Na hapa ni Arusha ninayoizungumzia. Mwezi wa saba mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi, watu wanavaa makoti ndani ya nyumba, na sisi tunawatilia wageni barafu kwenye juisi ya pasheni. Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakunywa huku wamejifunga vitenge mabegani, meno yanagongana, na wanasema, "Aisee Mama Joshua, umebarikiwa." Hakuna hata mmoja aliyethubutu kusema anasikia baridi.

Aliyekuwa akiichota barafu hiyo na kuileta kwenye sinia ni Dada Elifuraha. Alikuwa ndugu wa mbali wa mama, kutoka Maji ya Chai, amemaliza darasa la saba na kwao hakukuwa na namna ya kumwendeleza. Alinukia sabuni ya mche na moshi, hata baada ya miezi mingi ya kupikia gesi. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji yenye madini ya upande ule. Mimi nilidhani kwao wanakunywa chai badala ya maji, na nilimwonea wivu. Alikuja kwetu kwa makubaliano yaliyofanyika palepale sebuleni, mama yake amekaa ukingoni mwa kochi akiwa ameshika glasi ya juisi kwa mikono miwili. Elifuraha atakaa nasi, atasaidia kazi za nyumbani, na ikifika Januari mama atampeleka chuo cha ushonaji. Mama alisema hivyo mwenyewe. Baba akaitikia. Wakasali.

Sijawahi kumwona mtu akiusubiri mwezi wa Januari kama yeye. Akimaliza kazi alikata magazeti ya zamani kuwa mikono ya gauni na kola, akayaunganisha kwa uzi. Pindo za mapazia ya mama ni yeye aliyezishona, kwa mkono, mishono midogo midogo iliyonyooka hivi kwamba mama aliwaambia wenzake ni za dukani. Alinifundisha kutunga uzi kwenye sindano bila kuulowesha kwa mate. Nikimuuliza atafanya nini akimaliza chuo, alijibu bila kusita: "Cherehani yangu, kibaraza changu, na mama yangu amekaa pembeni ananipigia stori."

Mwaka huo kaka yangu Joshua alipata kipaimara. Baba alichinja mbuzi, na kwenye ukoo wetu mbuzi hagawanywi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha mkubwa wa ukoo, naye ni Baba Mkubwa, kaka yake baba. Siku ile Baba Mkubwa alikuwa anaumwa mguu, hakuweza kuteremka kutoka mlimani. Basi kidari chake hakiwezi kuliwa na mtu mwingine, na hakipelekwi kama kifurushi. Lazima aje akile nyumbani kwa mwenye sherehe. Kitamsubiri. Mama alikifunga kizima kwenye nailoni, mbavu na kila kitu, akatafuta mahali pa heshima ndani ya friza. Kwenye rafu palikuwa na samaki, palikuwa na kuku, na kidari cha mkubwa hakilazwi na samaki. Mahali safi palikuwa ni beseni la barafu. Akakisimamisha humo, akafunga mlango, akatutangazia wote: "Hicho asikiguse mtu."

Ninyi mnaosoma mmeshajua kilichofuata. Sisi ndani ya nyumba ile hatukujua.

Barafu ilianza kupungua. Tulikuwa tunachota pembeni mwa kidari bila kukigusa, mimi, Joshua, Dada Elifuraha, hata baba, maana sote tulipenda kutafuna barafu. Halafu asubuhi moja, siku ambayo jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, mama alifungua friza akakuta beseni ni tupu, kimebaki kidari peke yake. Alipiga kelele kama aliyekuta mwizi. Siku hiyo akina mama walikunywa juisi bila barafu, na nina hakika walimshukuru Mungu kimoyomoyo, lakini mama aliinamisha kichwa sala nzima kama mtu aliyefiwa.

Baba akashika usukani. Alikagua umeme. Alipanda kwenye simtanki kuona kama maji yapo, yapo. Aliivuta friji kutoka ukutani, akaunyoosha ule mpira, akaupuliza kwa mdomo. Akaichomoa usiku kucha, akaichomeka. Hakuna. Jumamosi akamleta fundi kutoka Sakina, mtu mmoja mnene mwenye mkoba wa bisibisi na maneno mengi, ambaye naye alikuwa wa kwetu mlimani, kwa hiyo walianza kwa kuulizana koo kabla hajagusa chochote.

Fundi alitoa chujio la maji, akatuonyesha lilivyo jeusi. Akaweka jipya. Hakuna. Akasema kila kitu kitolewe ndani ya friza ili aone vizuri. Samaki wakatoka, kuku wakatoka. Akanyoosha mkono kwenye beseni la barafu.

"Hicho acha," baba akasema. "Ni kidari cha kaka yangu mkubwa. Kikiyeyuka hapa nitamwambia nini?"

Fundi akarudisha mkono kana kwamba ameungua. "Ala! Samahani, mzee. Kidari cha mkubwa hatukigusi." Akakigeuzia mgongo kwa adabu, akaendelea kuchokonoa huku na kule kukizunguka kidari, kinachonyanyua kijiti cha waya mbele ya macho yake! Watu wazima watatu, mmoja fundi, mmoja mwalimu, mmoja na ofisi yake mjini, wameinama mbele ya friza moja, na wote wameheshimu nyama.

Fundi akishindwa kujua ugonjwa, hasemi sijui. Hiyo nimeiona kwa mafundi, nimeiona kwa wakubwa wengine pia. Yule wa Sakina aliukwaruza ukuta wa friza kwa ukucha, akaona alama ndefu ambayo ilikuwepo tangu siku tuliyoitoa kwa mzungu. Uso ukamchangamka.

"Mzee, hapa pamepita kisu," akasema. "Hii nimeiona majumba mengi. Barafu ikigandamana watu wanaichokoa na kisu. Kisu kinagusa mishipa ya ndani. Sasa hii mashine imeharibiwa, haijaharibika. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani anachota barafu humu ndani?"

Nakumbuka harufu ya samaki wanaoyeyuka kwenye sinia. Hakuna aliyetaja jina. Baba na mama waligeuza vichwa tu kuelekea mlango wa jikoni, na Dada Elifuraha alikuwa amesimama pale na kitambaa cha kupangusia maji.

"Mama, Mungu anaona," akasema. "Sijawahi kutia kisu humo. Natumia kijiko."

"Hakuna aliyesema umetia kisu," mama akajibu.

"Hata mimi nachota," nikasema. "Na Joshua. Na baba."

"Nyamaza," baba akaniambia. "Wakubwa wanaongea."

Baba akisoma gazeti alipenda kutikisa kichwa na kusema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sikumsikia akiisema siku hiyo. Fundi alikunja mkoba wake, akasema kifaa cha mashine hiyo hakipatikani Arusha nzima, akanywa chai, akaondoka. Hakuwa ametengeneza kitu chochote. Alikuwa amepata wa kumwachia lawama, na hiyo ilimtosha kutoka nyumbani kwetu kichwa juu.

Wazazi wangu hawakumfukuza Dada Elifuraha. Wangemfukuza angalau angepata nafasi ya kujitetea. Walikuwa watu wa kanisa, wastaarabu, na ustaarabu wao ulikuwa hivi: mama aliacha kumwita jina, akawa anamwambia "wewe". Visu vikahamishiwa kabati la juu. Friza ikawa inafungwa kwa ufunguo. Kwenye meza mama alimweleza baba, Elifuraha akiwa analeta ugali, kwamba kuna watu ukiwaweka karibu na vitu vizuri hawavielewi. Halafu siku moja mama akasema kwa sauti laini sana, "Eli, nenda kapumzike nyumbani kidogo. Mama yako naye anakuhitaji." Akampa kitenge.

Mimi nilikuwa mtoto, na niliisoma safari ile vibaya kabisa. Nilimkuta anapanga nguo zake kwenye begi, pamoja na zile kola za magazeti, na kitenge kipya kimekunjwa juu. Nikajua tu: Januari imefika mapema. Nikarukaruka kitandani kwake. "Unaenda chuo! Unaenda chuo!" Aliniangalia kwa muda mrefu. Angeweza kuniambia. Badala yake alinishika kichwa, akasema, "Kaa vizuri, mdogo wangu. Usimsumbue mama." Nilimuuliza mama kama Dada amekwenda kushona, na mama, ambaye alinichapa nilipodanganya kuhusu sukari, akajibu, "Ndiyo, ameenda kujiandaa." Shuleni nilijivuna kwamba dada yetu yuko chuo.

Mguu wa Baba Mkubwa ulipona. Alikuja Jumapili baada ya ibada, fimbo mkononi, koti la sufu limefungwa vifungo vyote. Kidari kilikuwa kimetolewa tangu alfajiri, kikayeyushwa, kikachemshwa na ndizi kama anavyokipenda. Tulikaa mezani, upande wa pili wa sebule. Tulimwamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, naye akaitikia huku macho yake yanatembea sebuleni.

"Yule binti yenu mpole yuko wapi?" akauliza. "Aliyekuwa ananimiminia maji ya kunawa."

"Yupo kwao, Baba Mkubwa," mama akasema. "Anapumzika."

Baba akasimama kuombea chakula. Alikuwa katikati ya sala, anashukuru kwa afya ya kaka yake, ndipo friji ilipokohoa nyuma yake. Kra, kra, halafu puu, puu, puu, vipande vya barafu vikaangukia beseni tupu. Baada yake maji yakasikika yakiingia mpirani. Baba alipotewa na maneno. Akaruka moja kwa moja mpaka Amina.

Mama aliinuka kana kwamba anafuata chumvi. Baba akamfuata. Mimi nikawafuata wote wawili, hakuna aliyeniona. Mama alifungua friza. Barafu ilikuwa pale, nyeupe, inatoa moshi. Akaitazama mashine, akakitazama kile kijiti cha waya kilichokuwa kimeshuka, akakinyanyua kwa kidole. Kilirudi chini. Akakinyanyua tena. Mama yangu alikuwa mwalimu mzuri. Niliuona uso wake ukielewa.

"Ni kidari," akanong'ona. "Kilikuwa kimebana huu waya. Ni mimi niliyekiweka."

"Sema polepole. Kaka atasikia."

"Kwa hiyo yule mtoto..." Macho ya mama yalikuwa yamejaa machozi. Hilo lazima niseme, kwa sababu lilitokea. "Tumwite arudi?"

Baba alitazama mezani alipokaa kaka yake, akaitazama friji yake.

"Tutamwambiaje?" akasema.

Nikadhani wanashindwa namna ya kumpata, maana Dada hakuwa na simu. Nikajitokeza kusaidia. "Mpigieni jirani yao, yule wa duka. Mama anayo namba." Wote wawili walishtuka, na baba akanirudisha mezani. Tutamwambiaje! Nimekua, nimesoma, nimefanya kazi na watu wa kila aina, na bado sijakutana na swali lenye jibu jepesi kuliko hilo. Mnamwambia: tulikosea. Tusamehe. Rudi, Januari bado haijafika. Ni maneno ambayo hata mimi wakati ule ningeweza kuyasema bila kufundishwa.

Badala yake mama alirudi mezani na glasi zenye barafu. Baba Mkubwa aliikodolea macho glasi yake, baridi yote ile, akauliza hii ni ya nini. Baba akacheka kwa sauti kubwa. "Mashine ilikuwa inaumwa, kaka. Leo imepona yenyewe. Hizi za wazungu zinajirekebisha." Baba Mkubwa akasema ni ajabu. Akala kidari chake chote.

Januari ilipita. Sikumbuki ni mwezi gani tulisafiri kwenda kwenye harusi upande wa Usa River na kuendelea mbele kidogo hadi Maji ya Chai, kwa sababu mama alitaka ndizi. Gari liliposimama, wanawake walilizunguka na mabeseni yao, parachichi, nyanya, ndizi mbivu. Mmoja alikuwa Dada Elifuraha. Alikuwa amekonda, amejifunga kanga iliyochakaa, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Aliponiona, meno yake yote ya kahawia yalionekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba! Eli! Jamani, umependeza!" mama akasema, kwa sauti ya juu mno.

Nilikuwa nimeshatoa kichwa dirishani. "Dada, chuo kimefungwa? Mko likizo?"

Alimtazama mama. Mama alikuwa anatafuta kitu ndani ya pochi, na alikitafuta muda mrefu. Nilikuwa na akili za kutosha kuona kwamba Dada anasubiri, anampa mama nafasi ya kusema neno moja, lolote. Wenzake walikuwa wanapiga kelele, mama nunua kwangu, mama mzigo huu hapa. Pochi ikaendelea kupekuliwa.

"Bado, mdogo wangu," Dada Elifuraha akasema hatimaye. "Sijaenda bado."

"Mambo yatakuwa mazuri tu," mama akasema ndani ya pochi. "Mungu ni mwema."

"Ni mwema, mama."

Mama alinunua chane moja. Dada alitoa mbili, ya pili akaipitisha dirishani mpaka mapajani mwangu, akasema hii ni ya mtoto, na alipoona mama anafungua tena pochi akatikisa kichwa na kurudi nyuma. Baba akatia gia. Nikageuka kumwangalia kupitia kioo cha nyuma. Alikuwa tayari anakimbilia basi lililosimama, beseni kichwani, mkono mmoja umelishika.

Mama alifunga kioo, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Mmeona?" akatuambia sote. "Mtoto wa watu hana hata kinyongo."

Hana. Ninacho mimi.